Video ya Moyo Iliyokataliwa

Makole, Jumatano

…na seva, kompyuta inayotunza faili zetu, haikujaa, namshukuru Mungu.

Mchana Daktari Neema alinipigia kutoka kituo cha afya cha Kibaigwa. Alikuwa anamtumia daktari bingwa wa moyo, huku Dodoma, video ya moyo wa kichanga, mfumo wetu wa kutumiana faili za wagonjwa ukaikataa: faili ni kubwa mno. Ukomo huo wa ukubwa niliuweka mimi, nikihofia seva itajaa.

"Kaka, mtoto anabadilika rangi."

Nikauongeza, kwa video za madaktari tu. Ikapita. Akaniomba nihakikishe inacheza, nikaifungua.

Moyo usiozidi ndimu, na ndani yake vijilango vinafunguka na kujifunga, bila kuchoka. Miaka yote hii naandika programu, na sijawahi kuona kitu kilichotengenezwa namna…

Bingwa alipoitazama akasema mtoto aletwe Dodoma mara moja. Jioni ujumbe wa Neema ukaingia: "Kaka, tumemuwahi. Amenyonya."