Bata Wako Amenichelewesha Kazini

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa, mkate nimeufunika. Anua nguo kabla mvua haijanyesha. Mwamshe baba yako, ana zamu ya mchana.

Sasa nisikilize. Nilikuwa nafuta vumbi mezani, kompyuta yako ikawaka, na yule bata wa mchezo wa mafumbo unaoutengeneza akanikodolea macho. Nikasema nimsogeze mara moja tu. Akatumbukia kisimani. Nikajaribu tena, sanduku likamwangukia, akasema, “Pole mwenzangu, hata mimi sikuliona.” Nilicheka mpaka uji ukaungua. Sufuria nimeiloweka, usiniulize.

Jana ulilia kwamba rafiki zako wote mchezo umewashinda, ukasema leo unaufuta. Hata mimi umenishinda, tena bata wako hajafungua hata mlango wa kwanza! Lakini viatu nimeshavaa, wateja wananisubiri saluni, na bado nimesimama hapa najiuliza: je, bata akizunguka kwanza, halafu akalivuta sanduku badala ya kulisukuma? Na huko ndani kuna nini?

~~Niandikie jibu hapa chini.~~ Hapana, usithubutu kuniambia!

Ngoja kidogo.

Umefunguka! Nimelivuta sanduku, mlango ukafunguka wenyewe. Nimepiga kelele mpaka jirani kauliza kulikoni. Na ndani kuna nini? Mlango mwingine, na bata ananiuliza, “Ulidhani tumemaliza?”

Mtoto una roho mbaya wewe! Usiufute, na usiurahisishe hata kidogo. Jioni kompyuta ni yangu.

Mama yako