Mjomba Magese Yuko Somanda

Mama,

Maharage yako jikoni, yaongeze maji. Nimechukua blanketi na uji uliobaki.

Leo asubuhi shirika la afya ninapojitolea, ile kazi anayoicheka baba, walinituma na nesi tumwogeshe mgonjwa huko Somanda. Kumfunua shuka, ni mjomba Magese, mdogo wako tunayesema yuko Mwanza na wanunuzi binafsi wa pamba. Amekonda mpaka sikumjua. Yeye ndiye aliyeniita jina. Nikakaa kando yake, nesi akamalizia kumwogesha peke yake.

Nikamuuliza kwa nini hakuja nyumbani. Akasema, "Niliogopa dada atanifukuza."

Usimwambie baba. Hapana, nimekata hapo, mwambie.

Jioni namleta kwa mkokoteni. Mtandikie kitanda changu.

Mwanao,
Sayi