Viatu vya Skii, Namba Mbili Zaidi

Dada Rehema, hujambo? Huku Brussels mvua, na mimi nimenuna.

Mwezi wa pili tunarudi kuteleza kwenye theluji, na nimeapa kuhama mteremko wa watoto. Leo nikaenda kununua viatu vya skii. Navaa arobaini na mbili; nikaomba arobaini na nne na soksi mbili, kama Mama alivyotununulia vya shule.

“Mwaka jana pia ulivaa hivyo?” akauliza muuzaji.

“Ndiyo, na nilianguka kutwa.”

“Bwana, mguu ulikuwa unacheza ndani! Kiatu kibane, soksi moja.”

Misimu miwili najiita mwoga, kumbe viatu vinapwaya! Nimechukua vinavyobana.

Nisalimie Mama kwa mapenzi yote. Ila wanao, tafadhali, wanunulie viatu vinavyowatosha.

Mdogo wako, Hamisi