Nilisema "Chomoa"

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro,
Tarehe 14, mwezi wa tisa.

Mpendwa Binamu,

Salamu nyingi, zikifika zimechoka zipe kiti. Afya yako vipi? Shemeji na watoto je? Picha uliyotuma niliiona. Lile ni koti au blanketi lenye vifungo? Na kitambi kimetangulia mbele kama kiongozi wa msafara. Sisi huku tunapumua, na hiyo ndiyo afya yetu yote kwa sasa.

Usicheke mwandiko. Shule niliiacha darasa la sita kwa hiari yangu na ya mwalimu mkuu. Lakini kwenye kuchomelea vyuma mtaa huu hakuna wa kunitisha, hata marehemu Kaka alilijua hilo, ila alikuwa mbahili wa sifa.

Uliuliza mambo mawili: Kaka alikufaje hasa, na kwa nini shangazi yako, yaani mama yangu, ukimpigia simu hanitaji kabisa. Jibu ni moja.

Ile mashine yetu ya kukatia vyuma swichi yake ilikufa mwaka juzi. Kaka alitaka ipelekwe kwa fundi. Nikamwambia, fundi gani tena na mimi nipo? Nikaunganisha nyaya moja kwa moja, ikawa ukichomeka kwenye soketi inawaka, ukichomoa inazima. Nilitamba wiki nzima. Tangu hapo karakana yetu ikawa na neno moja la kuzima: "Chomoa!" Aliye karibu na soketi anavuta waya, basi.

Siku hiyo alikuja mteja kulalamika geti lake limepungua kwa upana wa kiganja. Kaka akamwambia, "Geti liko sawa, ukuta wako ndio umekonda." Si unamjua, utani hata mahali pa kuomba radhi. Mteja akatoka amefura, akawapigia polisi kwamba ametishwa na mtu mwenye mashine ya kukata. Wakaja wawili.

Walimkuta anakata bomba. "Weka chini! Weka chini!" Sasa Binamu, wewe si mtu wa vyuma, acha nikufundishe: diski inayozunguka haiwekwi chini. Ukiiweka inaruka, inakutafuta mguu. Kaka akabaki ameishika, anatikisa kichwa. Soketi ilikuwa ukutani, nyuma yake. Mimi nilikuwa mlangoni, nikapiga kelele kwa sauti yangu yote, na unaijua: "Chomoa, Kaka! Chomoa!"

Akapeleka mkono nyuma.

Risasi ilikuwa moja tu.

Mwezi mzima mtaa haukuwa na mjadala mwingine. "Askari naye ana mama," anasema kinyozi, na wembe uko shingoni mwako, utambishia? Fundi cherehani anamjibu kutoka ng'ambo ya barabara, "Kwani huyu aliyekufa aliokotwa?" Nikipita wote wananiuliza kama nimekula.

Baadaye kamati ya uchunguzi ikaitisha mkutano kwenye ukumbi wa shule. Mkuu wa polisi alisema vijana wake wamefundishwa kutuliza mambo kabla ya kutumia nguvu: sema taratibu, rudi nyuma, mpe mtu muda. Bibi mmoja mwalimu mstaafu akasimama. "Huyu alipewa muda gani?" Mkuu akapekua makaratasi mpaka tukamwonea huruma. Sekunde nne. Binamu, ile mashine nimeipima: ukishachomoa, diski inakwenda sekunde kumi na moja ndipo isimame. Hata malaika asingeitii amri ile kwa nne.

Akaitwa aliyefyatua, mwenzake hakuletwa. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na mimi nikichukia si mchezo. Akaja kijana wa rika langu, ndevu zenyewe hazijaamua kama zinaota. Akasema, "Nilisikia mtu anamwambia chomoa. Nikaona mkono unakwenda nyuma. Nikajua anatoa silaha."

Ukumbi ukalipuka. Mwongo! Mwongo! Mama akasimama. "Mwanangu hakuwa na kisu wala bunduki, achomoe nini? Nani alisema neno hilo? Mleteni hapa nimwone!"

Watu mia mbili mle ndani, na ni wawili tu tuliojua kwamba yule askari hasemi uongo: yeye na mimi. Mama nilikuwa nimemsimulia yote, mteja, diski, amri. Hilo neno moja nilikuwa nalizunguka kama shimo la choo.

Ningeweza kunyamaza. Wangemla yule kijana mzimamzima, nami ningerudi nyumbani na mama yangu. Lakini nilidhani nikiwaeleza neno letu la kazi wataelewa: Kaka alikuwa anatii. Alikuwa anazima. Kama askari mmoja tu angerudi nyuma hatua mbili akauliza "achomoe nini?", leo Kaka angekuwa hapa ananisema mwandiko. Niliuamini mdomo wangu, Binamu. Nikanyoosha mkono.

Nilieleza yote, mpaka swichi. Sijawahi kueleza kitu vizuri namna ile. Karani akaandika mstari mmoja, akanisomea: "Shahidi amekiri kumhimiza marehemu achomoe." Nikamwambia, ongeza "waya". Akasema inatosha hivyo. Mkuu wa polisi akafunga faili lake taratibu, kwa utulivu kama ule wa kwenye mafunzo.

Nikarudi kwenye benchi letu. Mimi nilikuwa nimekaa mwisho, Mama ndani. Akanishika mkono, akaubana. Nikasema moyoni, haya, angalau mmoja ameelewa. Kumbe alikuwa ananisogeza apate pa kupita.

Wiki jana kamati imetoa pendekezo: mafunzo ya kutuliza watu yaongezwe, kutoka siku tatu hadi siku tano. Ndiyo hivyo. Pande la mtu lile, kicheko chake, mikono yake iliyojaa makovu ya cheche, amegeuka siku mbili za darasa. Na ule mstari wangu umo ukurasa wa nne, bila waya.

Mama hajanitukana. Chakula ananiwekea, amekifunika vizuri, kisha anatoka nje mpaka nimalize. Nimejaribu utani, nimejaribu kulia, nimejaribu kuosha vyombo. Utani ndio ulikuwa mbaya zaidi.

Kwa hiyo ukimpigia, nakuomba usinitetee. Muulize hali yake, halafu unyamaze kidogo. Kama katika kunyamaza huko atanitaja, hata kwa laana, niandikie maneno yenyewe kama yalivyo, usinipunguzie hata moja.

Nisalimie shemeji, na kitinda mimba wako ambaye uzuri kauchukua kwangu. Dada anakusalimu, na watoto wa Kaka wanauliza huko kwenu kunafika basi. Mungu akukinge na kila mtu anayesikia nusu ya neno.

Wako akupendaye, japo siku hizi mwenyewe sipendeki,

Binamu yako mdogo,
Chiriku