Sanduku Lililokuja na Saini Yako

Yaya wangu Bahati,

Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu jambo lenyewe nililifanya mbele ya watu. Niliandika, mahali ambapo yeyote duniani anaweza kusoma, kwamba saini yako isiaminiwe tena. Walioisoma siku ile hawakujua wewe ni nani kwangu. Sasa wajue: wewe ni kaka yangu mkubwa, na ndiye uliyenifundisha kompyuta katika kile chumba cha nyuma cha nyumba yetu ya Muhumba, mimi nikiwa bado navaa bluu na nyeupe za shule.

Unakumbuka jinsi tulivyoteseka kabla ya sanduku? Vituo vya afya vilikuwa vimepewa kompyuta za kila aina, nyingine nzee kutuzidi sisi. Kuweka daftari la wagonjwa ndani ya moja tu kulituchukua siku tatu. Maman Georgette, muuguzi wa Nyangezi, alikuwa anatupikia bugali na kutuangalia kwa huruma. "Bahati, mutoto yangu, hii mashini inakukataa," alikuambia. "Mashini iko kama bibi-arusi, haitaki kulazimishwa." Ulicheka mpaka ukaangusha bisibisi.

Tukiwa njiani kurudi ukanieleza wazo lako. Tutengeneze kompyuta nzima, iliyokamilika, na kuiweka ndani ya faili moja. Kituo kinaifungua juu ya kompyuta yoyote kiliyo nayo, na daftari liko tayari ndani. Wenye kazi yao huiita mashine pepe. Wewe uliiita sanduku.

Tatizo likawa uzito wake kwenye mtandao wetu dhaifu. Tulilipeleka kwa flashi, wewe umekaa nyuma ya pikipiki, mvua inakupiga, na flashi ikarudi na virusi vya kila kituo ilichopitia. Ndipo ukataka kutumia lile ghala la programu huria, ambako waandishi wa programu wa nchi zote huweka vifurushi vyao vidogo ili mwenye kutaka achukue. Nilikupinga. Nilikuambia ghala lile si la vitu vizito, ni kama kupitisha kabati dirishani.

"Nitaipasua mbao kwa mbao," ukasema. "Wataifunga kule kule."

Na ndivyo ulivyofanya. Ulilikata sanduku vipande vingi, kila kipande kifurushi chake, kila kifurushi na saini ya ufunguo wako, ile alama ya siri ya kompyuta inayothibitisha kwamba kimetoka kwako. Wasimamizi wa ghala walinung'unika, ukawaandikia barua ya adabu kuwaeleza barabara zetu, wakatuacha. Kompyuta za vituo ulizifundisha kukataa kitu chochote kisicho na saini yako. Mimi ukaniandikisha msimamizi wa pili wa vifurushi vyako. "Kama mimi nakufa," ulisema, na mama akakukemea kutoka jikoni.

Siku ya kwanza pale Nyangezi mtandao ulikata mara mbili, na kila uliporudi sanduku liliendelea kuingia pale pale lilipokuwa limefikia. Maman Georgette alipiga makofi. Sijawahi kukuona umefurahi vile, Yaya.

Halafu ukaja ule mwezi ambao wenye bunduki waliingia mjini na kila mtu akajifunza kusema kidogo. Uliondoka asubuhi na begi la mgongoni, ukamwambia mama unaenda kuangalia kompyuta ya Luvungi. Hukufika Luvungi. Simu yako ikanyamaza. Tonton Anselme, muuguzi wa huko, alitupigia jioni kuuliza kama umebadilisha safari.

Miezi ikapita. Mama aliendelea kuacha sahani yako mezani. Mimi nilianza kufanya kitu kibaya zaidi: kukumbuka. Nilikumbuka yule mwanaume wa viatu safi uliyezungumza naye getini wiki ile ya mwisho. Nilikumbuka siku niliyokuletea chai ukafunga kompyuta haraka kabla sijafika mezani. Zamani nisingeyajali hayo. Sasa niliyageuza upande huu na upande ule, na kila upande ulinitisha.

Asubuhi moja Maman Georgette akanipigia, sauti inaruka kwa furaha.

"Nsimire! Yaya wako iko muzima! Ametuma sanduku mupya, na saini yake iko juu. Nishushe?"

Nilipaswa kulia kwa furaha, lakini nilikumbuka vile viatu safi vya getini.

"Usiguse, maman. Ngoja kwanza."

"Ngoja nini? Si ni Bahati?"

"Hilo njo nataka kujua."

Nikafungua ghala. Toleo jipya lilikuwepo kweli, na saini ilikuwa yako, haikosi hata herufi. Lakini nikasoma ujumbe ulioambatana nalo: "Tafadhali sakinisheni toleo hili mapema iwezekanavyo." Yaya, wewe hujawahi kuandika "iwezekanavyo" maishani mwako. Mwenye kupenda Kiswahili cha vitabu ni mimi. Ujumbe wako ulianza siku zote kwa kukiri kosa: "Bandugu, nimeharibu tena kitu, munisamehe." Mtu huyu hakuwa ameharibu kitu. Mtu huyu alikuwa na haraka.

Nililifungua kwenye kompyuta niliyoitenga na mtandao. Nilikuwa na sanduku lako la zamani pembeni, nikalinganisha faili na faili, tangu asubuhi mpaka mama akaja kuniuliza kama sili. Daftari lilikuwa lile lile. Ila ndani ya sehemu inayoendesha saa ya kompyuta kulikuwa na programu ndogo, imejibanza, haina jina la maana. Kila mtandao unapopatikana, ilikuwa inatoa nakala ya daftari na kuipeleka mahali nisipopajua.

Unajua ni akina nani wamo ndani ya daftari lile. Waliokuja na risasi mguuni. Wamama waliokuja kimya kimya na kuomba mlango ufungwe. Majina yao, na vijiji vyao.

Nikamwambia mama. Akaweka kitambaa cha vyombo begani, akaniangalia.

"Mutoto yangu hawezi kufanya vile."

"Mama, neno la kufungua ufunguo wake tulilijua wawili tu. Mimi na yeye."

"Basi jiulize wewe," akasema, akarudi jikoni.

Niliwaandikia wasimamizi wa ghala kwamba toleo liondolewe na ufunguo wako ufutwe. Wakanijibu kwa swali: je, nasema mwenye kifurushi ameibiwa, au nasema yeye mwenyewe ndiye? Nilikaa mbele ya swali lile muda mrefu kuliko nilivyokaa mbele ya faili zote. Mwisho nikaandika: "Sijui. Najua tu kwamba saini yake isiaminiwe." Nikabonyeza. Toleo likaondolewa, na jina lako likaondoka nalo.

Luvungi walikuwa wameshalishusha. Tonton Anselme alikaa nalo siku mbili na mtandao wa kuja na kukatika. Nilimwongoza kwa simu mpaka akalifuta. Akaniuliza kwa upole, "Majina imetoka?" Nikamwambia huenda nusu yametoka. Hakunilaumu. Alichukua baiskeli yake, akapita nyumba kwa nyumba, akawaambia watu wenyewe. Wengine walihamia kwa ndugu. Mpaka leo hakuna aliyegongewa mlango, lakini hakuna anayelala akiwa na hakika.

Wiki tatu baadaye sauti yako ikaingia kwenye simu yangu, kutoka namba ya nchi nyingine.

"Mudogo yangu, ni mimi. Yule mutu wa getini njo alikuwa ananisaidia kuvuka mupaka, niliogopa kumuambia mama. Wale ba bunduki walinishika ku barieri ya barabarani, walichukua laptop. Waliniuliza mot de passe, ile neno ya kufungua ufunguo. Mara ya kwanza nilikataa. Mara ya pili sikukataa. Haya ilinishika, sikuweza kukuandikia."

Niliisikiliza mara nne. Mara ya kwanza kwa ajili ya sauti yako. Zile tatu, nisikufiche, nilikuwa nasikiliza kama kuna mtu mwingine anapumua chumbani.

Nikakuuliza: siku ile ulipobomoa redio ya mama, alikutupia nini? Ukajibu: "Hakunitupia kitu. Alilia." Ni kweli. Mtu mwingine angesema kiatu au mwiko. Nikajua ni wewe. Mama alishika simu kwa mikono miwili, akaibusu, akaniangalia kwa jicho ambalo bado analo mpaka leo.

Lakini kujua kwamba ni wewe hakukuniambia kama uko huru, Yaya, wala hukusema ulitokaje mikononi mwao. Mwanaume aliyesema neno moja mara ya pili anaweza kuwa amesema mengine mara ya tatu. Najua ni ukatili kuandika hivi. Sijui walikufanya nini kati ya mara ya kwanza na ya pili, na mimi ambaye sikuwepo sina haki ya kukuhukumu. Sikuhukumu. Nakupenda, na ninapokupenda hivyo bado nakutilia shaka, na nimechoka kusubiri moja imalize nyingine.

Nimetengeneza sanduku jipya kwa ufunguo wangu. Maman Georgette amelishusha, Tonton Anselme pia. Ufunguo wako wa zamani sitaurudisha, hata ukiniomba kwa sauti ile ile.

Rudi tu. Siku ukifika tutakaa meza moja, utengeneze ufunguo mwingine mbele yangu, unisomee herufi zake moja moja kwa kinywa chako, nami nitaziandika kwa mkono wangu. Mama atakuwa anapika. Na nitakuwa naangalia nyuma yako, mlangoni, kama umekuja peke yako. Nisamehe kwa hilo. Nitaangalia.

Ukae salama huko uliko, kama kweli ndiko uliko.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Nsimire