Kazi ya Kufua

Maskati

Kwa Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na mgongo umepoa. Mama naye hajambo? Mimi afya ninayo, alhamdulillahi, ila joto la huku halina adabu. Dada Zuhura, wewe unayemsomea Baba, soma polepole na usiruke neno, hata likikuuma.

Baba, barua yako nimeipata. Unasema mikono imeanza kutetemeka, lakini fuawe yako ya kugongea chuma humpi mtu, unaniwekea mimi, kwa kuwa niliandika nimepata kazi ya kufua. Na Kahindi, aliyekushikia nyundo miaka kumi, amekata tamaa. Mwezi ukiisha anakwenda Mariakani kutafuta kibarua. Nilipofika hapo niliikunja barua, sikuweza kuendelea.

Kazi yangu ni kufua nguo, Baba. Nafua mashuka ya hoteli.

Kwa wahunzi nilikwenda kweli. Wakaniweka mbele ya mashine, sikufua dafu, na siku ya tatu wakaniambia niwapishe. Ni wewe uliyenifundisha kuwa chuma, nguo na nazi vyote hufuliwa. Basi nikaandika "kufua" tu, nikijua utasikia unachotaka. Niliposikia umetangaza Shella nzima kuwa mwanao ni mhunzi, nilifurahi, Mungu anisamehe.

Naikumbuka fuawe yetu juu ya gogo lake. Watu wa Ganze wakija na majembe yaliyopinda, ukiwaambia, "Kaa hapo bwana, jembe lako nalijua kukushinda." Ukienda kuswali, sisi tukivunjia kokwa za kungu juu yake, mpaka Mama atufukuze: "Ondokeni hapo, hiyo ndiyo riziki ya baba yenu." Hata sasa, asubuhi nikiamka, husikiliza kwanza nikidhani nitasikia nyundo yako. Nimekukumbuka sana, Baba.

Lakini mkono wa kufua chuma sina. Kahindi anao. Siku moja ulimsifu, kisha ukanitazama mimi, ukageukia moto. Nilikuelewa.

Usimwache aondoke. Mwite leo, mpe fuawe na nyundo zote, mbele ya majirani wale wale uliowaambia habari zangu. Nao waambie ukweli.

Nisalimie Mama, na shangazi muuza mahamri. Kahindi mwambie namuomba radhi kwa kumkalia nafasi yake.

Ni mimi mwanao, dobi,
Abdalla