Mama Mkwe Mtarajiwa na Kuku wa Profesa

Jumatatu, 4 Machi

Mawingu asubuhi, baadaye jua. Profesa ametuelekeza tena sisi wakusanya takwimu. Ujanani aliamini viwanda. Kisha mikopo. Sasa, baada ya miaka thelathini na vitabu vinne, anaamini kuku. Nusu ya kaya zitapewa kuku, nusu hazipewi kitu. Baada ya miaka miwili tutalinganisha, tuone kama kuku wanaondoa umaskini. Nani apewe? Kura! Amesema kubahatisha ndiko kulikoliponza taifa. Kwa hiyo tunapiga kura. Tofauti sijaiona.

Jumanne, 5 Machi

Manyunyu. Kura imepigwa hadharani. Aliyechomoa vikaratasi? Mimi. Mama wa mchumba wangu — hakupata. Jirani yake, ambaye hawasalimiani naye, amepata! Mama alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni. "Haya, mkwe. Ahsante kwa mkono wako." Jioni mchumba amepiga simu: mama hataki kusikia habari za harusi. Na ni mwezi ujao!

Ijumaa, 8 Machi

Jua. Nimekwenda kumwomba radhi. Alinisimamisha mlangoni. Nikamweleza anavyosema Profesa: wasiopewa ndio muhimu zaidi, bila wao utafiti hauna maana.

"Yaani yule na kuku zake ananitegemea mimi?"

Ndiyo, mama.

Akacheka, akanivuta ndani. Chai vikombe viwili! Nimeponea chupuchupu.

Jumapili, 10 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimejiponza mwenyewe. Mama anatangaza mtaa mzima kwamba yeye ndiye msingi wa utafiti. Kaka yake alimletea majogoo mawili — ameyarudisha, asimharibie Profesa hesabu! Leo ameniita, mchumba kainamisha kichwa pembeni.

"Mwanangu, nakupenda. Lakini mkwe mwenye mshahara akiingia humu, huo si msaada? Nitakuwa nimepewa! Harusi isubiri miaka miwili."

Nikampigia Profesa aniokoe, simu nikaiweka spika. Akajibu kwa furaha kabisa: kitaalamu mama yuko sahihi! Hajapata mwanafunzi aliyemwelewa hivyo. Je, atakubali kuja chuoni kuzungumza?

Mama amekubali. Atavaa gauni aliloshona kwa ajili ya harusi yetu.

Mchumba ananinong'oneza tutoroke. Lakini akiondoka, kaya ya mama si itapungua mtu mmoja? Hesabu zitaharibika vilevile! Nimemwambia asubiri kwanza nimuulize Profesa. Mchumba amenikatia simu mara tatu tangu hapo.

Nimezima taa saa saba na robo usiku.